Kilomita 50 za Kwanza

Gurudumu lilitupita. Tulikuwa tumeacha Mutomo nyuma, tunaelekea Ikutha, jua limeanza kulegea, na mimi nimeshika usukani kwa mikono miwili kama walivyotufundisha shule ya udereva. Mara nikaona taya inabingirika upande wa mama, peke yake, mbio kutushinda, ikikata kuelekea vichakani kama mbuzi aliyekata kamba. Mama aliiona kabla yangu. Akasema, kwa sauti ile ile ambayo angesema mvua inakuja, "Kuna mtu gurudumu lake limetoka."

Kisha gari letu likaangukia upande wake.

Hatukuumia. Nalisema mapema kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki watu hukaa wakingoja maiti, na wasipoipata huniangalia kama nimewapotezea wakati. Nilikuwa kwenye mwendo wa 50 hivi, maana usukani ulikuwa umeanza kutetemeka tangu Ikanga nami nikawa nimepunguza. Diski ya breki ilikwaruza lami mpaka tukasimama ukingoni, ikaacha mstari mrefu nyuma yetu ambao upo hadi leo, ukijua pa kuangalia. Chai ilimwagika. Mama alishika kilemba chake, akasema "Ĩĩ Ngai," halafu akanyamaza kwa muda ambao sikuupenda.

Gari lilikuwa na saa tatu mikononi mwetu.

Ilikuwa Probox nyeupe, imetoka meli. Mama hununua ndengu kwa wakulima wa Ikutha na Mutomo, anazipeleka Kibwezi na Emali. Miaka yote hiyo alikuwa akikodi pikapu za watu na kupoteza nusu ya faida kwa mafuta ya mtu mwingine. Msimu wa Februari ulipoenda vizuri, akasema basi, sasa tununue. Pesa zilitoka mahali pawili: mkopo wa Sako, na akiba ambayo alikuwa ameiweka kwa ajili ya karo yangu. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Mama hakunipigia kelele. Hakuitisha hata kikao cha wajomba. Ile pesa ya mwaka wa nne aliiacha pale pale ilipokuwa, miaka miwili, kama sahani ya mtu aliyechelewa kurudi. Alipoitoa kununua gari hakunieleza kitu, na mimi sikuuliza. Kwa hivyo lile gari, ukitaka ukweli, ni mwaka wangu wa nne. Ndio huo uliokuwa umelala kando ya barabara.

Yadi tuliyonunua iko Kitui mjini. Tulipelekwa na dalali ambaye ni mtoto wa shemeji ya mama, jambo ambalo lilionekana zuri siku ile. Mama alikuwa na imani na Wajapani. Alikuwa ameambiwa, na ni kweli, kwamba magari yaliyotumika hayaruhusiwi kuingia Kenya yakizidi miaka 8, na kwamba hukaguliwa huko huko Japani kabla ya kupandishwa meli kuja Mombasa. "Wameshaangalia wenyewe," alikuwa akisema, kana kwamba kuna mzee mmoja wa Kijapani aliyeinama chini ya kila gari kwa niaba yake. Na huyo mzee, kama yupo, alifanya kazi yake. Gari letu lilivuka bahari nzima likiwa salama. Liliharibiwa katika nusu saa ya mwisho, pale Kitui, tukiwa tumeketi ofisini tukinywa soda.

Ilikuwa hivi. Probox ilikuja na rimu zake za chuma, zile nyeusi, mbaya kuangalia. Muuzaji akasema, "Mama, tunakuwekea rimu za alumini bure. Hiyo ni zawadi ya ofisi. Gari ya mwanamke lazima ipendeze." Mama akasema za chuma zinatosha, yeye anabeba ndengu, habebi maharusi. Mimi ndiye niliyesema ziwekwe. Nilizitaka. Nilishajiona nikiingia Kibwezi nazo, na wale tuliosoma nao wakiuliza ni gari la nani. Vijana wawili wakaja na jeki na ile mashine ya upepo ya kufungia nati, trrr, trrr, trrr, mara nne mara nne, na kabla soda haijaisha gari likawa limevaa viatu vipya. Tukapiga picha. Muuzaji akampa mama ufunguo kwa mikono miwili. Hakuna aliyesema turudi nati ziangaliwe, wala hakuna aliyesema tusimame mahali tuzikaze tena.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kulipita haraka lakini siwezi.

Kazi yangu ni kuandika kwa kulipwa. Nilianza chuoni, nikiandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, biashara ambayo Kenya ina maelfu ya vijana ndani yake. Niliwapatia watu digrii ambazo mimi mwenyewe sikuimaliza hata moja. Baadaye nikahamia makala za tovuti: namna ya kuchagua godoro, namna ya kufuga paka ndani ya nyumba, chochote. Na mwaka mmoja kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeandika, kwa dola 8, makala ya maneno 800 ya duka moja la taya huko Marekani. Ilihusu namna ya kufunga magurudumu. Nilieleza kwamba nati hukazwa kwa mtindo wa nyota, ukivuka kutoka moja kwenda ya upande wa pili, si kwa kuzunguka. Nilieleza kwamba mashine ya upepo ni ya kuanzia tu, na kwamba mwisho unatakiwa utumie spana inayopima nguvu. Nilitaja kipimo ambacho Toyota huweka kwa magari mengi madogo, newtonimita 103. Na nikamalizia, kwa herufi nzito kama mteja alivyotaka: baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, simama, ukaze tena.

Nilikuwa sijawahi kushika spana maishani. Yale maneno yalipita kwangu kama maji kwenye bomba.

Kwa hivyo tulipopita Ikanga na kitu kikaanza kulia kule mbele, tik, tik, tik, kikienda na mwendo wa gari, mama akaniuliza, "Hiyo ni nini inalia?" Nikamjibu, "Ni barabara, mwaitu." Barabara ya Kitui kwenda Kibwezi! Sisi tuliokua tukila vumbi lake tunajua ilivyokuwa; siku hizi ni lami tupu, laini kama meza. Mama aliangalia nje, akaiangalia ile lami, hakusema kitu. Mimi nikaongeza redio.

Gurudumu tulilipata bomani kwa watu, hatua kama mia moja kutoka barabarani. Lilikuwa limepita kwenye ua wa miiba, likaangusha kigoda, likagonga ukuta wa jikoni, likalala. Mwenye boma alikuwa mwanamke wa rika la mama. Hakutugombeza. Alitusalimu, akatuuliza kama tumeumia, akatuletea maji. Halafu akakinyanyua kile kigoda, akakirudisha mahali kilipokuwa, akakiangalia. "Mtoto alikuwa ameketi hapa," akasema. "Nilimwita akaoge."

Mjukuu wake alikuwa amesimama mlangoni na povu masikioni. Miaka minne, mitano. Alikuwa anafurahia taya.

Fundi alikuja kwa bodaboda kutoka Ikutha, mzee mwenye koti la bluu lililokuwa limefuliwa mpaka likapoteza rangi, na begi la mgongoni la mtoto wa shule lililojaa spana. Alimwamkia mama, "Mwaitu, poleni," akapokea kikombe cha chai kilichobaki kwenye chupa, akainywa yote, kisha ndipo akachutama. Bolti mbili kati ya nne zilikuwa zimekatika. Zile mbili zilizobaki zilikuwa zimelika mistari yake. Akaenda kwenye magurudumu mengine matatu. Sitasahau hili: nati mbili za gurudumu la nyuma alizifungua kwa vidole. Hakutumia spana. Alizungusha tu kama mtu anayefungua chupa ya mafuta ya nywele.

"Ni nani amefunga hizi?" akauliza.

Nikamwambia yadi.

Akaweka nati moja kwenye kiganja changu. "Angalia mdomo wake. Umechongoka, sivyo? Hii ni ya rimu ya chuma. Inaingia kwenye tundu iliyochongwa hivyo hivyo, inakaa kama kifuniko cha sufuria. Sasa leta kidole." Akachukua kidole changu akakipitisha ndani ya tundu la rimu yetu ya zawadi. Lilikuwa limenyooka, na juu yake ukingo bapa. "Hizi ni rimu za Fielder. Zenyewe zinataka nati ya shingo ndefu yenye washa bapa. Hii ya kuchongoka ukiifunga hapa inagusa ukingo peke yake. Mkono utasikia imekaza. Lakini haijakalia kitu."

Nikamuuliza kwa nini la mbele kushoto ndilo lililotoka. Akasema magurudumu ya kushoto yana hiyo tabia, kwa sababu yanavyozunguka mbele ni upande ule ule nati inaofungukia. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye malori ya Bedford, na hayo, upande wa kushoto, nati zilikuwa zinafungwa kinyume. "Mzungu aliyetengeneza Bedford alikuwa amefikiria," akasema. "Sasa watu hawafikirii, wanafyatua mashine."

Mimi nilitaka tuondoke jioni ile ile. Tulikuwa na spea, na spea ilikuwa ya chuma, kwa hiyo zile nati ziliifaa. Nikasema si tufunge mbili zilizobaki tujivute polepole hadi Kibwezi? Mzee akaniangalia. Akaonyesha kwa spana upande tuliokuwa tukielekea, ambako ukipita Ikutha unapanda uwanda wa Yatta, ile lava ya kale iliyolala kilomita karibu 300 kama ukuta, halafu unateremka kwenda kuvuka mto Athi. "Hamshuki Yatta na bolti mbili," akasema. Basi. Aliongea na mama, si na mimi, na mama akaitikia.

Tulilala kwa yule mwanamke wa boma. Alitupikia muthokoi. Mimi sikulala sana; kile kigoda kilikuwa kwenye kona ya chumba, na kila nilipofungua macho nilikiona.

Bolti zilitoka Mutomo kesho yake. Mzee alizibadilisha zote nne, akafunga spea mbele, na nyuma na upande wa pili akakaza zile rimu za zawadi kadiri alivyoweza kwa nati za kuazima zenye washa, ambazo zilikuwa kuukuu lakini za aina yake. Alikaza kwa mkono, kwa mtindo wa nyota. Nilimtazama akivuka, moja, ya pili yake, moja, ya pili yake, na nikahisi aibu ya ajabu, aibu ya mtu aliyeimba wimbo wa kanisa kwa miaka bila kujua lugha yake. Aliponidai alitaka elfu 3, pamoja na nati. Mama akampa 4.

Baadaye nilipiga hesabu ile newtonimita 103 ni nini hasa, kwa sababu nilikuwa nimeiandika na kuuza bila kujua. Ni uzito wa ndoo ya lita 10 iliyojaa maji, umeitundika kwenye ncha ya chuma cha mita moja. Hiyo tu. Mtoto wa darasa la sita Ukambani anabeba zaidi ya hiyo kutoka mtoni.

Nilipigia yadi simu siku hiyo hiyo. Wa kwanza alisema poleni sana, atanipigia. Wa pili alisema mmegonga shimo. Nikamwambia hakuna shimo. Akasema basi ni mwendo. Wa tatu, ambaye alikuwa meneja, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na wewe ni nani wake?" Nikasema binti. Akasema, "Sawa madam. Mwambie baba aje tuongee." Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Basi kaka."

Dalali, mtoto wa shemeji, yeye alizima simu.

Kwa hiyo nikaandika barua. Si ndiyo kazi yangu? Niliandika kurasa tatu za Kiingereza. Nilitaja kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Nikataja Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Nikataja Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa na sheria ya 2016, ambako unaweza kudai hadi shilingi milioni 1 bila wakili, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Nilipomaliza nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia tangu niache chuo. Mama akaniomba nimsomee, kwa Kikamba.

Jaribuni siku moja kusoma barua yenu ya kisheria kwa Kikamba, mbele ya mama yenu, akiwa anachagua mawe kwenye ndengu. Kurasa mbili zilikufa hapo hapo. Kila sentensi niliyoshindwa kuigeuza ilikuwa haina kitu ndani. Iliyobaki ilikuwa fupi: mlifunga nati zisizo za rimu hizi, hamkuzikaza, hamkutuambia tuziangalie, gurudumu likatoka, na haya ndiyo tuliyopoteza. Diski, fenda, bampa, bolti, fundi, siku mbili za soko. Shilingi 38,600.

"Na mtoto?" mama akauliza.

Nikasema mtoto hakuumia, sheria haina bei ya mtoto ambaye hakuumia. Akaendelea kuchagua mawe. Kuhusu korti alisema tu, "Hizo siku 60, ndengu atauza nani?" Tukakubaliana kwamba korti ibaki kwenye barua, mwishoni, kama mbwa aliyefungwa ambaye mgeni anamwona.

Siku mbili kabla ya kurudi Kitui, nilipata ujumbe wa WhatsApp kutoka namba nisiyoijua. Alikuwa mmoja wa wale vijana wawili wa yadi. Namba yangu aliitoa kwenye nakala ya risiti. Hakuwa ameajiriwa, yuko hapo kwa mafunzo tu kutoka chuo cha ufundi, na akifukuzwa chuo hakitamhesabia muhula. Alinitumia sauti ya dakika moja na nusu. Anasema aliona kwamba nati si zake. Alimwambia mkubwa wake. Mkubwa akamwambia zile za washa zimeisha, funga hizo, wateja wanangoja, watazibadilisha wenyewe huko mbele. Nyuma ya sauti yake kuna kuku wanalia. Mwishoni anasema, "Siz, nimekuwa silali."

Nilikuwa na ushahidi, basi. Ushahidi kamili, wenye kuku.

Tuliingia yadi Jumatatu asubuhi, mama akiwa amevaa nguo ya kanisani. Meneja alisoma barua yetu akiwa amesimama. Akatabasamu alipofika kwenye korti. "Hii umeandika wewe? Umesomea sheria?"

"Hapana."

"Umesomea nini?"

Hilo swali nimeulizwa na mashangazi, mapasta, mawakala wa bima. Nina majibu matatu ya uongo yaliyoandaliwa vizuri. "Niliacha chuo mwaka wa tatu," nikasema. Alifungua mikono yake kama mtu ambaye mjadala umemwishia vizuri. Akasema gari ikitoka pale langoni imetoka. Akanionyesha mstari wa chini wa risiti, ule unaosema bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Akasema barabarani kuna watu wa kila aina, pengine tulipita kwa fundi mwingine aliyezichezea nati. "Una ushahidi gani ni sisi?"

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Yule kijana alikuwa hatua kumi kutoka hapo, anaosha Vitz, na alikuwa ameacha kuosha. Maji yalikuwa yakimwagika tu. Hakuniangalia. Nadhani ningeibonyeza. Sitaki kujipamba hapa: kidole kilikuwa tayari kwenye kioo, na nilichokuwa nikikiona si yule kijana, ni kigoda. Lakini mama alikuwa ameshaondoka kando yangu. Alikuwa anatembea kuelekea Probox nyingine iliyoegeshwa mbele karibu na lango, fedha, na rimu zinazong'aa kama zetu, na karibu nayo mzee mmoja aliyevaa kofia pamoja na mwanawe, wakiizunguka kama watu wanavyozunguka ng'ombe sokoni.

"Leta spana," mama akasema. Hakumwambia mtu yeyote hasa.

Meneja akacheka kidogo. Mama akafungua mkoba wake, akatoa nati mbili: ile ya kuchongoka ambayo mzee wa Ikutha aliniwekea kiganjani, na moja ya shingo ndefu. Sikujua amezibeba. Akazishika juu, moja kila mkono, kama mtu anayeuza. "Leta spana tufungue moja hapa. Kama ni hii, nitakuomba msamaha mbele ya wateja wako. Kama ni hii nyingine, utaniambia ni barabara gani iliyoibadilisha."

Yule mzee wa kofia alisimama kuzunguka.

Sijawahi kuona sauti ya mtu ikibadilika haraka hivyo. "Mwaitu," meneja akasema, sasa kwa Kikamba, "mbona tusimame juani? Tuingie ofisini."

Ofisini soda zilitoka tena. Walikubali 21,000, kwa M-Pesa, papo hapo. Wakakubali kurudisha rimu zetu za chuma zote na nati zake. Fenda na bampa walikataa. Siku za soko walizicheka. Na kulikuwa na karatasi ya kusaini, kwamba suala limekwisha na kwamba hatutalizungumzia yadi kwa jina mahali popote. Ndiyo maana hujalisoma hapa. Mimi nilikataa. Nilisema tunaweza kupata zote 38,600, nikaanza kumweleza mama kwa sauti ya chini kuhusu ile sauti ya WhatsApp, na kwamba tuna mtu.

"Ni mtoto wa nani?" mama akauliza.

Nikasema sijui. Yuko kwa mafunzo. Bado muhula mmoja amalize.

Mama aliniangalia kwa muda. Halafu akavuta ile karatasi akasaini, jina lake lote, polepole, kwa mwandiko wake wa darasa la saba.

Nilikasirika. Bado kuna siku nakasirika. Ile 17,600 ni pesa ambayo mama aliilipa, mtu akitaka kuihesabu hivyo, ili kijana asiyemjua amalize masomo, na mimi niliyeshindwa kumaliza nilikuwa nimeketi pale nikiangalia. Sikuwahi kumuuliza kama ndivyo alivyofikiria. Inawezekana alikuwa amechoka tu, na ilikuwa siku ya soko Mutomo.

Tulipotoka, gari letu likiwa limevaa tena rimu zake nyeusi, nati nimezisimamia mwenyewe moja moja, mama alipita karibu na yule mzee wa kofia. Hakusimama. Alimsalimia, na akiwa ameshampita akasema, kama mtu anayetoa habari za mvua, "Kabla hujalipa, mwambie akufungulie nati moja uione." Karatasi haikusema chochote kuhusu nati. Sijui kama mzee alimwambia. Kijana wa Vitz alikuwa ameinamia ndoo yake.

Ile sauti sijaifuta. Nilimwandikia kwamba sikuitumia, akajibu kwa ile alama ya mikono miwili iliyoshikana, na hatujaandikiana tena.

Tulipokaribia Ikanga nikaangalia odometa. Kilomita 51 tangu yadi. Nikawasha taa za hatari, nikaegesha mahali bapa, nikatoa spana ambayo nilikuwa nimeinunua Kitui kwa pesa yangu ya makala. Mama hakuuliza kwa nini tumesimama. Alishuka, akafunga leso vizuri, akaja akasimama upande wangu wa kushoto. Nilianza na la mbele. Nilipokaza ya kwanza nikavuka kwenda ya upande wa pili, na yeye akawa anahesabu kwa sauti, "Ĩmwe. Ilĩ. Itatũ. Inya." Ya nne ilizunguka kidogo. Kama robo hivi.

"Hiyo rudia," mama akasema.